Vigingi Vinne vya Mkoko

Kinu kilianza kulia alfajiri nyumbani kwa Fundi Pazi, na mwaka ule kinu kikilia mahali, watu walifika. Wa kwanza kutokea alikuwa jirani yao, Bi Kudra, ungo mkononi, akijidai amekuja kuomba kaa la moto. Alichungulia kinuni akaona vigae vya vyungu vilivyovunjika, vyekundu, vinasagika kuwa unga.

"Si chakula, shoga," alisema Kijakazi, mke wa Pazi, bila kuacha kutwanga. "Ni vya chokaa."

"Nimesikia mchi nikajua kwa fundi kumeingia mtama."

"Ungeingia ningekuita."

Bi Kudra alisimama kidogo, akautazama ule unga mwekundu kama mtu anayewaza kwamba huenda ukipikwa ukafaa, kisha akaenda zake na ungo wake. Kaa la moto alilisahau.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Wamatumbi wang'oe pamba ya Wajerumani. Huku pwani ya Kivinje mapigano yalikuwa yamekwisha, yakaacha njaa. Askari walipita bara wakichoma maghala na mashamba, kijiji baada ya kijiji, bila haraka, kama watu wanaofagia uwanja. Walionusurika risasi waliteremka pwani kutafuta chakula wakakuta pwani nako watu wanachimba mizizi ya ming'oko porini, na hiyo ming'oko inazidi kuwa mbali kila wiki.

Pazi alikuwa barazani anachonga vigingi vinne vya mti wa mkoko. Mti huo aliukausha mwaka mzima darini juu ya meko, mpaka ukawa mwepesi na mgumu kama mfupa. Alivichonga unene wa kidole gumba, akivipima kila mara kwa kijiti alichokuwa amekikata sawasawa na matundu ya bakuli la Mzungu. Asili yake kisiwa cha Songo Mnara, na kwao wanaume walikuwa waashi tangu enzi ambazo hakuna azikumbukaye. Alikwisha kujenga visima, misikiti miwili na makaburi asiyojua idadi yake, lakini kilichompa jina Kivinje ni vyoo. Wenye nyumba za mawe waliringiana navyo: choo changu aliweka Pazi. Maana yake hakinuki, hakivuji, na kimeelekezwa panapostahili, anayekaa asielekee kibla.

Sasa alikuwa ameitwa kuweka choo asichowahi kukiona.

Kilikuwa cha Mzungu mwenye shamba la pamba kwenye njia ya Tingi, ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Mke wake alikuwa njiani kutoka Ulaya, na kabla ya mke lilitangulia sanduku, na ndani ya sanduku, katikati ya majani makavu, mlikuwa na bakuli jeupe la kauri, zito kama mbuzi, lenye mguu mpana na matundu manne ya kulifungia sakafuni. Karatasi iliyobandikwa kwenye sanduku ilitaja parafujo nne za shaba. Parafujo zenyewe hazikuwemo. Msimamizi wa shamba, kijana mmoja aitwaye Ismaili, alipekua yale majani mara tatu, kisha akatangaza kwamba zimebaki Ulaya. Saruji nayo ilikuwepo pipa zima, ila ilikuwa imenyonya maji ya chumvi njiani na kugeuka jiwe lenye umbo la pipa.

Ndipo Ismaili akamtaja Pazi. Pazi alipofikishwa mbele ya Bwana Miwani hakuomba ujira. Aliomba binti yake.

Kidawa, mtoto wake wa pekee, aliolewa Umatumbini na mkulima mmoja, Likwata, mtu mpole aliyekuwa akiwaletea asali kila kiangazi. Likwata alikunywa maji ya mganga kama walivyokunywa wenzake, akaenda na mkuki, akafa siku ya tatu. Kidawa hakunywa chochote wala hakushika chochote. Alikutwa nyumbani kwake anapepeta, akaunganishwa na wanawake wengine kwa mnyororo wa shingo, wakagawiwa wenye mashamba kama zana za kazi. Walioletwa kwa Bwana Miwani walikuwa kumi na tisa. Sasa walikuwa kumi na wawili. Saba hawakutoroka wala hawakuachiliwa. Walizikwa nyuma ya ghala la pamba, na pingu zao zikatundikwa msumarini. Pazi alikuwa akienda kila Ijumaa kusimama ng'ambo ya ua na kuhesabu vichwa.

Bwana Miwani alicheka kwa ombi hilo, lakini hakukataa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliandika cheti palepale, akatia sahihi, akakiweka chini ya kidau cha wino. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba siku mke wake atakaposhuka melini, bakuli likiwa limekaa na halitikisiki, fundi atachukua cheti na mwanamke wake. Meli ilitazamiwa leo jioni.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Sakafu ya chumba cha choo ilishatobolewa tundu la kupitishia uchafu, karibu na ukuta wa kusini. Mlango ulikuwa mashariki. Kaskazini palikuwa na dirisha kubwa, na Bwana Miwani alitaka bakuli litazame dirishani, ili akikaa aone bahari.

"Huko ni kibla," Pazi alimwambia Ismaili siku ile ya kwanza.

"Kwani utakaa wewe, Fundi?"

"Atakayeliweka ni mimi."

Ismaili alikuwa amesoma chuoni Kurani nzima kabla ya kuvaa tarbushi ya usimamizi, na kwa muda macho yake hayakupata pa kutua. "Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "unamtaka Kidawa au humtaki?"

Pazi alikwenda kwa Mwalimu Abdurahmani baada ya sala ya Ijumaa. Mwalimu alisikiliza, kisha akasema kwamba Mwenyezi Mungu anajua ni nini kilichompeleka mja wake pale, na kwamba mtu ambaye mtoto wake ana mnyororo shingoni ana dharura. Pazi alibusu mkono wake akarudi nyumbani ameshaamua. Angeliweka litazame kibla. Angeomba msamaha maisha yake yote yaliyobaki, na angeomba akiwa na binti yake pembeni.

"Baba Kidawa," Kijakazi alimwita alipokuwa anafunga zana zake. "Nije?"

"Kaa. Teka maji ya kumwogesha. Atakuja amechoka."

"Nimeshateka." Alionyesha mitungi miwili ukutani. Juu ya kitanda cha kamba alikuwa amekwisha tandika kaniki mpya, na chini ya chungu kilichofudikizwa kulikuwa na vibaba viwili vya mtama ambavyo wao wenyewe hawakuvigusa tangu mwezi mchanga. "Mwambie asile huko hata wakimpa. Ale hapa."

Pazi alisema atamwambia.

*

Alifika shambani jua likiwa limepanda kidogo. Chumba kilikuwa cheupe, kimepakwa niru, chokaa laini ya ukutani, na mtu asiyeijua niru. Ilikuwa imeshaanza kuumuka ukutani. Pazi alichukia kazi mbovu hata kwa adui. Aliipita kwa kidole, akatikisa kichwa, akafungua mzigo wake.

Kwanza aliliweka bakuli juu ya tundu likiwa kavu, bila chokaa, kulijaribu. Lilikuwa duara pande zote kama chungu cha maji, na ungeweza kulizungusha lisijue mbele wala nyuma, ila upande mmoja lilikuwa na masikio mawili madogo ya kufungia ubao wa kukalia. Masikio hayo ndiyo mgongo wake. Aliyaelekeza kusini, ukutani. Basi mbele yake ikawa dirishani, ikawa kibla. Akaweka alama sakafuni kwa mkaa kupitia yale matundu manne, na kila alama moyo wake ulisema astaghafirullahi, na kila alama aliendelea. Mguu ulikuwa mraba kamili, kwa hiyo alama nne zilikaa kama pembe za leso.

Akaliondoa, akatoboa sakafu kwa tindo penye alama. Akachanganya chokaa na ule unga mwekundu wa vigae. Chokaa tupu huchukua siku nyingi kushika, lakini ya vigae hushika hata chini ya maji, nayo hushika upesi. Vigingi alivivika makumbi ya nazi yaliyolowekwa mafuta ya papa, unene wa ukucha tu. Hiyo ilikuwa siri ya babu zake. Kigingi kikavu cha mkoko ukikipigilia kisha ukakinywesha maji, huvimba na kushika mpaka jiwe lichoke. Lakini kauri si jiwe, kigingi kikivimba mno kitaipasua. Yale makumbi yanaupa mti nafasi ndogo ya kuvimbia. Parafujo za Ulaya zisingefanya kazi hiyo vizuri zaidi, na hili Pazi alilijua, na pamoja na huzuni yake yote lilimpendeza.

Mwisho alilifunga bakuli zima kwa gunia na kamba, lisije likachubuliwa na nyundo, akaacha mguu tu na mdomo wa juu. Akatandaza chokaa sakafuni. Akapiga magoti, akalikumbatia bakuli, akasema bismillahi, akanyanyuka nalo.

Hapo ndipo aliposikia mnyororo.

Ulikuja ukipiga sauti yake ndogo chini ya dirisha. Wanawake walikuwa wanapeleka maji kwenye mashimo ya miche, kila mmoja na debe kichwani, wakitembea kwa hatua moja kwa sababu shingo hazikuwaruhusu hatua mbili. Kidawa alikuwa wa mwisho. Kichwa chake kilinyolewa, na mifupa ya mabega ilisimama chini ya nguo. Alipofika sawa na dirisha akainua macho.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Pazi alisimama na bakuli kifuani kama aliyebeba mtoto. "Hujambo?"

"Sijambo. Ni leo?"

"Ni leo. Jioni tunakwenda nyumbani. Mama yako ameteka maji, amekuwekea mtama, amesema usile huku."

Kidawa alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Pazi kusikia kicheko chake tangu siku za asali ya Likwata, na kilikuwa kimekauka, lakini ni kilekile. "Nani ale huku, Baba?" alisema, na mnyororo ukamvuta, naye akaenda akigeuza uso nyuma mpaka ua ukamficha.

Pazi hakuondoa macho dirishani. Alimfuata kwa macho hadi debe la mwisho lilipopotea, kisha akafuata sauti ya chuma, na machozi yakawa yanamtoka bila yeye kuyajali. Na wakati huo wote magoti yake yalikuwa yanakunjika yenyewe, na mikono yake inashuka yenyewe, inafanya kazi yake. Miaka arobaini mikono hiyo ilikuwa imeweka vyoo kwa namna moja: bega la kulia kibla, mdomo wa choo magharibi. Hakuna aliyeiambia kwamba leo ni tofauti. Aliyeambiwa ni Pazi, na Pazi alikuwa dirishani.

Bakuli lilikaa. Matundu manne yalilingana na mashimo manne, maana mguu mraba hulingana upande wowote. Chokaa ilifunika alama za mkaa. Gunia lilificha masikio.

Alijifuta uso, akapigilia vigingi. Akamimina maji bakulini, akayatazama yalivyotulia sawa na ukingo pande zote, akajua limekaa sawasawa. Akanywesha vigingi maji kidogo kidogo, kwa kata, kama anayenywesha mgonjwa. Kufika adhuhuri vilikuwa vimevimba. Alilisukuma bakuli kwa mikono, kisha kwa bega, kisha kwa mguu wake wote. Ilikuwa sawa na kusukuma mwamba wa Kisiwani.

Aliswali pembeni ya chumba, akala kipande cha mng'oko wa jana, akangoja.

*

Ismaili alikuja alasiri na ubao wa kukalia, mti mwekundu uliong'arishwa, alioutoa katika kabati ambalo Bwana alimkabidhi ufunguo wake. Alikuwa na furaha. Meli ilishaonekana.

"Lifungue, Fundi, tuweke ubao."

Pazi alikata kamba, akavuta gunia. Masikio mawili meupe yalijitokeza upande wa mlangoni.

Wote wawili wakayatazama. Ismaili aliushika ubao vizuri, akatazama dirisha, akatazama bakuli, akatazama dirisha tena.

"Pazi," alisema, na alisahau kusema Fundi. "Umefanya nini?"

Pazi alikuwa anatazama mikono yake. Ilikuwa imeganda chokaa mpaka vifundoni, haikujua kosa lake.

"Umefanya makusudi?"

"Wallahi sikufanya makusudi."

"Basi geuza!"

"Haligeuki. Limeshika."

Baadaye mjini Kivinje watu walisema vingine. Walisema Pazi alikataa kumwelekezea kafiri kibla hata kwa shingo ya mwanawe, na waliokuwa wakiogopa hata kukohoa mbele ya akida walimpa mkono msikitini na kumwita mtu wa imani. Pazi hakuwahi kuwasahihisha, maana angesema nini? Ila sifa ile ilimuuma kuliko fimbo yoyote. Kama angekuwa ameamua yeye, angeliweka litazame walikotaka, na angemtoa mtoto wake.

Walifunga ubao vivyo hivyo. Walikuwa bado wanainuka Bwana Miwani alipoingia, amevaa suti nyeupe ya kumpokelea mkewe. Alikaa juu ya bakuli na suruali yake na viatu vyake, akajitupa kushoto, akajitupa kulia, akanyanyua miguu yote miwili na kuyumba kama mtu aliye katika mtumbwi. Bakuli halikusogea hata unywele.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana, fundi!"

Pazi alijiona anapumua. Mzungu yule alikuwa amefurahi kwelikweli. Alimtazama kwa heshima, kama mtu ajuaye kazi anavyomtazama mwenzake. Kisha akainua kichwa atazame mbele yake, akaona ukuta.

"Bahari iko wapi?"

Ismaili alianza kusema jambo kwa Kijerumani. Bwana alimnyamazisha kwa kiganja.

"Bahari iko wapi, fundi?"

"Kushoto... kulia kwako, Bwana." "Nimekosea. Nipe siku saba. Vigingi vikikauka vitasinyaa, nitavitoa kimoja kimoja, nitaligeuza, halitapata hata mkwaruzo. Naapa. Siku saba tu, na binti yangu abaki hapahapa, nitakuja kila siku."

Bwana Miwani alitoa saa mfukoni. "Bibi anashuka leo. Leo si siku saba. Geuza sasa."

"Litavunjika, Bwana."

"Wewe fundi. Usivunje."

Pazi akapiga magoti. Alifanya kazi kwa tindo nyembamba kuliko zote, akichokonoa mti ndani ya tundu, unyuzi kwa unyuzi, hali vigingi vilivyovimba vinamkatalia. Vilikuwa vimeshika kama alivyovitaka vishike. Jasho lilidondoka kwenye kauri, naye alilifuta kwa kiwiko kila mara, kwa kuogopa lisimtelezeshe. Bwana alisimama mlangoni na saa yake. Kigingi cha kwanza kilitoka. Cha pili kilitoka. Cha tatu kilichukua muda mrefu, kikatoka, na Ismaili akasema alhamdulillahi kwa sauti bila kujijua.

Cha nne kilikuwa kwenye pembe iliyoelekea ukutani, ambako tindo haiingii wima. Pazi alijilaza kifudifudi, shavu sakafuni, akaiingiza kimshazari. Akagonga mara moja, polepole. Akagonga mara ya pili.

Ulisikika mlio mdogo, kama wa yai. Mstari mwembamba ulipanda kutoka mguuni, ukazunguka tumbo la bakuli bila haraka, ukafika ukingoni. Kisha bakuli likaachana vipande viwili, na maji yaliyokuwemo yakamwagikia usoni mwa fundi aliyelala.

Bwana Miwani hakupiga kelele, wala hakumpiga mtu. Alikwenda chumba cha pili, akarudi na cheti. Pazi, sasa amepiga magoti, alidhani atakichana. Hakukichana. Aliegemea ukutani, akaandika kitu chini ya sahihi yake, akapuliza wino ukauke.

"Mimi si mtu mbaya," alisema. "Ahadi ni ahadi. Naagiza bakuli lingine Ulaya. Likija, wewe unaweka. Likikaa vizuri, mwanamke anatoka. Cheti kinangoja."

"Lini, Bwana?"

Bwana alimwachia Ismaili swali hilo, akatoka. Ismaili alikuwa anaokota vipande na kuvipanga, kana kwamba vinaweza kufaa.

"Barua kwenda," alisema bila kuinua uso, "wao kutengeneza, sanduku kuja... Miezi sita, mzee wangu. Saba."

Pazi alifanya hesabu ambayo mtu yeyote wa Kivinje angeifanya. Kumi na tisa wamekuwa kumi na wawili, na hiyo ni miezi minne tu.

*

Kwa kuwa Bibi alikuwa anashuka hata hivyo, amri ilitoka lichimbwe shimo nyuma ya nyumba, na juu yake liwekwe sanduku la mbao lenye tundu, la kushikilia kwa muda. Sanduku lilipatikana, lilikuwa lilelile lililoleta bakuli. Waliletwa wanawake wa mnyororo kuchimba, na Pazi akaambiwa asiondoke, aliweke.

Walichimba kwa majembe mafupi, sita upande huu na sita upande ule. Kidawa aliletwa na mnyororo mpaka hatua mbili kutoka aliposimama baba yake. Hawakuwa wamekaribiana hivyo tangu alipokamatwa. Pazi aliona jinsi chuma kilivyomchubua chini ya sikio, na jinsi alivyokuwa amepachika pale jani la mbono.

"Vipi, Baba?" aliuliza huku akichimba. "Tunamaliza hapa ndipo tunakwenda?"

Pazi alilitazama shimo.

"Bado, mwanangu. Kuna kitu kimebaki Ulaya."

Jembe la Kidawa lilishuka, likapanda, likashuka tena. Hakuuliza ni kitu gani. Alisema, "Mimi nimeshawaaga wenzangu. Mkeka wangu nimempa Magdalena, na kibuyu changu." Alimwonyesha kwa kidevu mwanamke aliyefungwa mbele yake kwenye mnyororo, msichana wa bara mwenye jina la misheni, ambaye aliinamisha kichwa kwa aibu na kuongeza kasi ya kuchimba.

"Nitakuletea mkeka mwingine," alisema Pazi.

"Haya, Baba."

"Nitakuletea na kibuyu."

"Haya." Kisha akasema, "Mwambie Mama mtama wale. Usiharibike."

Hapo Pazi alilia, waziwazi, mbele ya wanawake na mbele ya askari, mzee mzima mwenye ndevu nyeupe, na hakuna aliyemcheka. Nyumbani mitungi miwili ilikuwa imejaa, na Kijakazi bila shaka ameshatoka mara kumi mlangoni kutazama njia ya Tingi.

Shimo lilipofika kina cha mtu, wakasimamisha majembe. Askari waliwavuta wanawake nyuma hatua chache. Ismaili alikuja na sanduku kichwani, akampa fundi, naye Pazi akalipokea akasimama ukingoni.

Akasema bismillahi. Mkono wake wa kulia ukaanza kunyanyuka, wenyewe, kutafuta kibla, kama ulivyokuwa ukinyanyuka kila mara kabla ya kuweka choo, tangu akiwa mwanagenzi wa baba yake Songo Mnara. Kidawa aliuona. Utotoni alikuwa akimpelekea baba yake maji ya kunywa kazini, na alikuwa akisimama nyuma yake na kunyanyua mkono wake mdogo vilevile, kwa mchezo.

"Kibla ndiko huko, Baba," alisema taratibu, kama anayemsaidia mzee aliyesahau. "Hujakosea."

Pazi aliushusha mkono. Aliurudisha kwenye sanduku, akaubana pale kwa nguvu.

"Ismaili," alisema. "Kamuulize Bwana anataka atazame wapi."

Ismaili alimtazama, akaenda kuuliza. Wakangoja wote pale ukingoni, fundi na sanduku lake mikononi, na wanawake kumi na wawili kwenye mnyororo wao, mpaka jibu lilipoletwa.